Tarumbeta la Mtu Aliye Hai

Fantaye hakuwa mtu wa kukaa kitako tangu zamani, lakini siku daktari wa Addis alipotamka neno upasuaji, ndiyo kabisa. Kahawa alikunywa akiwa amesimama. Dengu alizichambua huku anatembea, ungo kiunoni, punje zikimdondoka uani mpaka kuku wa jirani wakajua saa zake. Mumewe, Belachew, alikuwa ndani kitandani, ameegemezwa mito mgongoni kwa sababu akilala chali pumzi inakatika, akimwona anapita mlangoni, anarudi, anapita tena.

"Fantaye, hebu keti kidogo. Unanitia kizunguzungu."

"Nikiketi mimi nani atazunguka? Wewe?"

Basi Belachew anacheka, akicheka anakohoa, akikohoa Fantaye anajuta na kukimbilia maji. Ndivyo walivyoishi miezi ile. Watoto hawakujaliwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwaamua.

Huyu Belachew ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa chama chetu cha kuzikana. Mtaani kwetu, huku juu Dessie, mtu akifa huna haja ya kuulizia habari. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa mabatini, tarumbeta linalia kwenye kona ya kinu, kisha mbele ya kanisa, kisha karibu na msikiti. Linalia kwa mkupuo mmoja mrefu, linanyamaza, halafu sauti ya Belachew inataja jina la aliyefariki. Ukilisikia umeshaitwa. Kila nyumba itoe mtu, Mwislamu kwa Mkristo, na asiyetokea anapigwa faini na kusemwa mpaka ajute kuzaliwa. Baba zetu na mama zetu aliwapigia yeye. Alimpigia hata mama yake mzazi, na sauti haikutetemeka, tunajua kwa sababu wote tulikuwa tumetega masikio tusikie kama itatetemeka.

Halafu moyo ukamharibikia. Daktari alieleza kwamba ndani ya moyo kuna kilango hakifungi sawasawa, damu ikisukumwa mbele inarudi nyuma, na kilango hicho kinaweza kubadilishwa. Kikibadilishwa, ataishi na kupiga tarumbeta lake. Kisipobadilishwa kabla ya mvua kubwa, daktari alitazama dirishani, hakumaliza. Gharama yenyewe usiulize. Ng'ombe aliuzwa, hereni na mkufu wa harusi ya Fantaye vikauzwa, na bado hawakufika hata nusu ya njia.

Mpwa wake aliyeko Addis akasema, shangazi, usihangaike, mambo haya siku hizi ni simu. Akaiweka picha ya Belachew mtandaoni, ile aliyopigwa harusini kwa watu, amevaa koti la kuazima. Baada ya siku kadhaa Fantaye akampigia.

"Vipi, wameitika?"

"Sana, shangazi! Watu chungu nzima wamelia."

"Wamelia? Wewe umewasikiaje?"

"Yaani wameweka vile visura vya machozi."

"Na hela?"

Mpwa akakohoa.

"Ala! Kwa hiyo wamelia kwa vidole," Fantaye akasema. "Mjomba wako ataenda kupasuliwa na visura?"

Na mtaani ikawa balaa zaidi. Mwaka uliotangulia kuna tapeli mmoja alichangisha kwenye simu kwa picha ya mtoto mgonjwa, akala hela zote, kumbe mtoto mwenyewe mzima wa afya, anacheza mpira mji mwingine wala hana habari. Tangu hapo ukitaja kuchangia mtu kwa simu, watu wanakuangalia mikono kama umewaibia kuku. Fantaye akamwambia mpwa wake aiondoe picha. Atatumia miguu.

Na miguu aliitumia kweli. Akatengenezesha matangazo yenye picha ya Belachew, akapika uji mzito wa unga wa kubandikia, akayabandika toka stendi mpaka soko la Jumatatu. Mbuzi wa sokoni wakaufurahia uji ule, wakalamba na kutafuna, na kufika mchana uso wa Belachew ulikuwa umebaki sikio moja ukutani. Akaenda kwa mwenye gari la kipaza sauti, lile linalopita likitangaza wagonjwa kwa muziki wa huzuni. Yule bwana akataka alipwe kwanza, tena achukue nusu ya kila kitakachopatikana. "Nusu ya moyo wa mume wangu, au nusu ya nini?" Fantaye akamuuliza, akaondoka bila kuaga. Akasimama kwenye lango la kanisa na mwavuli uliogeuzwa juu chini, watu wakadondosha kidogo kidogo, kisha shemasi akamnong'oneza kwamba Jumapili ijayo ni zamu ya kuchangia paa la kanisa. Mume wa jirani yake Toyba akamsemea msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Nako kikapatikana kitu.

Watu walitoa, sitawasingizia. Ila walitoa kama mtu anayemlipa mchuuzi huku anakimbilia kwake: noti imekunjwa, macho pembeni, "Mungu amponye," wameshapita. Fantaye alirudi jioni, akamwaga alichopata kitandani karibu na miguu ya mumewe, akakitazama, akatoka tena nje kwa sababu ndani hakuna hewa.

Katikati ya hangaiko hilo akafa bibi mmoja wa kule mtoni, Bibi Wude. Mungu amrehemu, lakini alikuwa na ulimi wa upupu. Alipokuwa hai hakuna aliyempelekea hata kaa la moto. Belachew hakuweza kupiga, kwa hiyo fundi mmoja wa kinuni aliazima tarumbeta, akapiga, akalirudisha kwenye msumari wake ukutani kwa Belachew. Na watu wakaja! Hema likasimamishwa, masufuria ya chama yakatolewa stoo, mikate ya injera ikaletwa kwa vikapu, shayiri ya kukaanga, kahawa, magunia ya nafaka ya tefu. Watu wakalala pale na mwenye maiti, hela ya chama ikatolewa bila swali. Fantaye alikuwa nyuma ya hema anaosha masinia pamoja na Toyba.

"Toyba."

"Nini?"

"Hivi mtu akitaka kusaidiwa mtaani huu, mpaka afe kwanza?"

"Wee, nyamaza! Unaosha vyombo vya msiba, unatamka maneno gani hayo?"

"Nauliza tu."

"Basi usiulize. Osha." Toyba alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma, ambaye huruma yake yote ilitoka kama ugomvi. Akamnyang'anya Fantaye sinia, akalisugua yeye. "Nenda kwa Yimam. Mwenyekiti ni yeye, si mimi. Mimi ni muosha masinia."

Fantaye hakungoja hata mikono ikauke. Yimam alikuwa fundi cherehani, mtu mnyoofu kama mshono wake, ameongoza chama cha kuzikana muda mrefu na hajawahi kula hata senti ya mtu. Alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Dada Fantaye, Belachew ni ndugu yangu. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Lakini chama ni cha kuzika. Nikitoa kwa mgonjwa mmoja, kesho wamepanga foleni mlangoni hapa. Mtaa mzima una kisukari, kila nyumba ina mgongo unaouma. Halafu mtu akifa tunamzika na nini?"

"Kwa hiyo mume wangu afanyeje?"

"Tutamwombea. Na ikitokea, Mungu aepushe, ikitokea, hutahangaika hata dakika moja. Kila kitu tutafanya sisi."

"Ah! Akifa sitahangaika." Fantaye akajifunga shali yake upya. "Asante sana, mwenyekiti. Umenitua mzigo."

Yimam aliinamisha kichwa, maana hakuwa mjinga. Akasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba Jumamosi watakuja kuchukua tarumbeta, kikao kimeamua lihamie kwa yule fundi wa kinuni. Asimwambie Belachew ghafla.

Hakumwambia kabisa. Kila akitaka kumwambia, anamkuta mumewe analitazama pale ukutani, shaba imepauka, mdomo wake umelika upande mmoja kwa miaka ya kupulizwa, naye anatoka tena uani. Siku za wiki zikaisha kama chumvi kwenye maji. Usiku wa kuamkia Ijumaa Belachew alihema vibaya, vidole vikawa na rangi ya majivu. Kulipoanza kupambazuka alisinzia akiwa ameketi, kidevu kifuani. Fantaye alikuwa amesimama katikati ya chumba. Kesho lile tarumbeta halitakuwapo. Akalitungua kwenye msumari, akaliingiza chini ya shali, akatoka.

Lengo lake lilikuwa safi, na hilo nalisema kwa sababu baadaye mengi yalisemwa. Alikusudia kupiga, watu wafungue milango, halafu awaambie: Belachew Asfaw yu hai, anahitaji upasuaji, njooni leo kwake na chochote mlicho nacho. Maneno hayo aliyarudia njia nzima mpaka kona ya kinu. Baridi ya mlima ilikuwa inauma meno. Akaliweka tarumbeta mdomoni, akapuliza. Likatoa mate. Akapuliza tena, likatoa mlio wa punda anayevutwa mkia. Akakasirika, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akapuliza kwa hasira ya miezi yote ile, na safari hii likalia. Lililia vibaya, limepinda, lakini lililia, na mtaa mzima ukalisikia.

Taa zikawaka. Makomeo ya milango yakafyatuka.

"Belachew Asfaw!" Fantaye akapaza sauti, na pumzi ikamwishia hapo hapo. Akainama, mikono magotini, akihema, akitafuta hewa ya kumalizia sentensi.

Hewa haikuja kwa wakati. Jina la mtu baada ya tarumbeta, mtaani kwetu, lina maana moja tu. Mlango wa Toyba ulifunguka kwa kishindo, na Toyba mwenyewe akatoka pekupeku, nywele wazi, akijipiga kifua.

"Uuuwi! Kaka yangu Belachew! Wewe uliyetuamsha sote, sasa nani atatuamsha?"

"Toyba, ngoja..."

"Niache nilie! Niache! Uuuwi!"

Kilio kikadakwa nyumba ya pili, ya tatu, kikashuka bondeni. Fantaye akabaki kasimama na tarumbeta mkononi. Aliona aibu, akaogopa, maana kumpigia tarumbeta aliye hai ni kumwitia mauti kwa jina. Alipaswa kukimbia mlango kwa mlango, awaambie hapana, hajafa, rudini mlale. Lakini aliwaona. Wanaume waliokuwa wanampita na mwavuli wake kanisani bila kumwangalia, sasa wanakimbia huku wanavaa viatu. Aliona mabegani kwao nguzo za hema. Leo hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani kwake mwenyewe.

Akashuka mpaka mbele ya kanisa, akapiga tena. Akataja jina. Hakusema kafa. Alitaja jina tu, akanyamaza, na safari hii hakuna pumzi iliyomkatika. Kisha akaenda karibu na msikiti, akafanya vilevile.

Aliporudi nyumbani uani palikuwa pameshajaa. Nguzo zinachimbiwa, masufuria yanateremshwa, wanawake wameketi ukutani na mashali yao meupe wameyageuza kama yanavyogeuzwa msibani. Walimfungulia njia wakilia. Akaingia ndani akafunga mlango, akauegemea. Belachew alikuwa amekwisha amka.

"Nani kapiga?" akauliza kwa ukali.

"Umesikia?"

"Nani asisikie! Kapiga kama punda. Ni yule wa kinuni? Nilijua hana midomo yule." Akahema kidogo. "Na jina sikulishika. Nani kafa?"

Fantaye akaivuta shali juu ya tarumbeta.

"Wewe," akasema.

Belachew alimtazama. Akatazama msumari ukutani, mtupu. Akalitazama tarumbeta chini ya shali ya mkewe. Nje Toyba alikuwa amefika kwenye sifa za marehemu, anaeleza kwa sauti kubwa jinsi Belachew alivyowahi kumbebea gunia la mkaa kutoka sokoni bila kuombwa.

"Lilikuwa gunia la vitunguu," Belachew akasema taratibu. Kisha: "Fantaye, umefanya nini?"

"Nimewaita."

"Hivi?"

"Nimewaita kwa kila namna, hawakuja. Nimewaita hivi, wamekuja."

Belachew akateremsha miguu kitandani. Alijifunga shuka lake zito, akamsukuma mkewe kando, si kwa nguvu kwa sababu nguvu hakuwa nazo, akafungua mlango.

Mtume! Kelele zilizopigwa pale nadhani mlima Tosa wenyewe ulizisikia. Wengine walikimbia mpaka barabarani. Mama mmoja alijifunika sinia. Toyba alikuwa amefumba macho kwa kulia, akayafumbua akakutana na marehemu uso kwa uso, akakaa chini puu kwenye kikapu cha injera.

"Lilikuwa la vitunguu," Belachew akamwambia.

"Mwongo wewe!" Toyba akapiga kelele. "Umekufa!"

Hofu ilipoisha ikaja hasira, tena kwa mbio. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Tumeamshwa. Tumetiwa uchuro. Nimechinja kondoo mimi! Huyu mwanamke kaita mauti mtaani, na mauti hayaondoki na mtu mmoja. Yimam alipita katikati yao, koti la msiba limenyooshwa vizuri, uso umekuwa mweusi.

"Dada Fantaye, umetumia tarumbeta la chama kutangaza uongo."

"Uongo gani, mwenyekiti? Nimetaja jina la mume wangu. Jina si lake?"

"Unacheza na maneno."

"Nacheza?" Sauti yake ikapanda. "Miezi yote hii nimecheza? Nimebandika karatasi, zikaliwa na mbuzi. Nimesimama na mwavuli kanisani, wewe Yimam hukupita pale lakini ndugu zako walipita, wakaangalia mawingu. Nikaja kwako, ukaniambia akifa sitahangaika. Sasa mbona mmekasirika? Kwa sababu hajafa? Basi niwaombe radhi, anahema bado. Njooni mmsikilize kama mnadhani nawadanganya."

Kutoka kwenye kikapu chake Toyba akajizoa, akajipangusa makalio, mashavu yote yamelowa.

"Mimi nimeshalia," akasema. "Wallahi, koo limekauka. Kumlilia mtu mmoja mara mbili siwezi, nina mambo ya kufanya. Na hiki," akakipiga teke kikapu, "nilikuja nacho msibani. Cha msibani mtaani kwetu hakirudi nyumbani, kinaleta msiba mwingine. Nani hapa atarudi na gunia lake kwake? Nani? Ajitokeze nimwone."

Watu wakatazama magunia yao, kondoo, noti walizokwisha kunja kwa ajili ya mfiwa. Hilo lilikuwa kweli, hata watoto wanalijua. Walioshika vitu mkononi wakaanza kuviweka chini mmoja mmoja, kama vinawaunguza.

Yimam akawaita wanaume pembeni ya hema. Waliongea kwa muda, mikono ikirushwa. Fantaye alikuwa anatembea kati ya nguzo na mlango, mlango na nguzo. Belachew aliwekewa kiti, akakaa, mikono magotini, kama mgeni kwenye msiba wa mtu mwingine. Yimam aliporudi alivua kofia.

"Haya. Tarumbeta limelia, hema limesimama, vitu vimewekwa chini. Chama kinauhesabu huu kuwa msiba. Hela ya Belachew itatoka leo, na michango itaendelea kupokelewa hapa mpaka hema litakaposhushwa, kama kwa mtu mwingine yeyote." Watu walianza kuguna, akainua mkono. "Lakini chama kinamzika mtu mara moja. Siku yake ya kweli itakapofika, Mungu aipeleke mbali, sisi tutakuwa tumeshamaliza. Hakuna hema. Hakuna masufuria. Hakuna tarumbeta. Nisipofanya hivyo, kesho mtaa mzima utakuwa unakufa kila wiki. Mkikubali, wewe na mumeo, nakata shauri."

Huku kwetu kunyimwa mazishi ya chama si jambo la kusemwa mezani. Kuna watu waliokosa chakula lakini hawakukosa mchango wa kuzikana.

"Tumekubali," Fantaye akasema.

"Mimi sijakubali."

Alikuwa Belachew. Alisimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya hema lake mwenyewe.

"Nimewapigia wote. Mvua imeninyeshea pale kinuni. Wewe Yimam, baba yako nilimpigia nikiwa na homa. Kila nilipopiga nilikuwa najiambia, na zamu yangu ipo, na mimi nitapigiwa, watu watoke majumbani. Ndiyo mshahara wangu huo, sina mwingine. Leo mnaniambia nifukiwe kama paka?" Akageuka kwa mkewe. "Niachie msiba wangu, Fantaye. Nirudishe kitandani."

Hapo ndipo Fantaye alipoacha kutembea.

"Msiba wako," akasema. "Unajua msiba wako nani anaukalia? Mimi. Wewe hutakuwapo. Mimi ndiye nitakayekaa chini ya hema hilo, nanyweshwa kahawa ya chama, naambiwa pole, pole, jikaze. Halafu hema linashushwa, masufuria yanarudi stoo, na mimi naingia mle ndani, nafunga mlango, naangalia mito yako. Hilo ndilo unalotaka uniachie?" Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Nimezunguka mji huu mpaka nyayo zimepasuka nikipiga kelele kwa ajili yako, na kumbe mtu mmoja tu hakunisikia, naye ni wewe. Mimi sitaki msiba mzuri, Belachew. Nataka mume."

Belachew akaketi tena. Alikaa akitazama mikono yake yenye rangi ya majivu, na alipoongea tena ukali ulikuwa umemtoka.

"Na siku hiyo nani atanipigia?"

"Mimi."

Kutoka nyuma, karibu na masufuria, mtu akasema, "Kwa kupiga kule?"

Kicheko kilianza kama kikohozi, kikashika hema zima. Toyba alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Yimam aligeuka pembeni akajifanya anakagua kamba. Belachew alicheka, akakohoa, akacheka tena, na Fantaye, aliyekuwa bado na machozi, akasema kwa hasira, "Chekeni! Siku hiyo mtatoka tu. Mmeshanisikia leo, hakuna atakayesema hakujua ni nani anapiga."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Belachew akajipangusa macho kwa pindo la shuka.

"Haya, mwenyekiti," akasema. "Nihesabu nimekufa."

Yimam akavaa kofia yake. Akanyoosha mkono kulichukua tarumbeta, mali ya chama, kisha akalitazama lilivyoshikwa, akaurudisha mkono mfukoni. "Nilisema Jumamosi," akasema. "Leo ni Ijumaa." Akaenda zake kusimamia kapu la michango, ambapo yule mama aliyelalamikia kondoo wake alikuwa tayari anagombania nafasi.

"Leta hapa," Belachew akamwambia mkewe. Fantaye akamsogelea. Belachew mwenyewe hakuweza kulipuliza, lakini alimwekea mkewe mdomoni, akamrekebisha kidevu kwa kidole kimoja. "Unakaza midomo kama unayekataa dawa. Legeza. Na mashavu, usiyavimbishe. Pumzi itoke huku chini, tumboni. Jaribu."

Punda akalia. Watu wakaguna.

"Tena."

Akajaribu tena. Kahawa ilikuwa inazungushwa, shayiri inapita kwa sinia, hakuna aliyeondoka.

"Sasa sikiliza. Ukishapiga, usikimbilie kusema. Nyamaza kwanza, wape watu nafasi ya kufungua milango. Halafu ndipo jina."

Fantaye alivuta pumzi kutoka chini kabisa, akapuliza. Safari hii tarumbeta lilitoka refu, limenyooka, halina mkwaruzo, likapita juu ya mabati likateremka bondeni, lile lile tulilolijua tangu utoto. Uani vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Barabara ya chini mlango ulifunguka, na mwingine. Kisha kimya, kama alivyofundishwa, na watu wote wakawa wanasubiri jina.

Fantaye akaliteremsha tarumbeta. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mumewe, akaliweka mapajani, na jina hakulitaja.